Aliyepita Njia ya Panya Amemkosea Nani?

Karo yangu ya shule ya upili ililipwa kwa magendo. Naanza na jambo hili kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwamba ninapoandika kuhusu maadili ya biashara ya mpakani, mimi si hakimu asiyehusika. Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Aliyebeba mzigo wetu tangu siku hiyo ni dadake, shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo, upande wa Tororo. Alinunua mahindi na maharagwe vijijini huko, akayapakia kwenye baiskeli, gunia moja baada ya jingine, na kuyavusha kwa vijia vinavyopita katikati ya mashamba mpaka Busia ya Kenya. Vijia hivyo watu wa kwetu huviita njia za panya. Havina lango, havina karani, wala havina mhuri.

Nilipofika chuo kikuu na kusoma somo la falsafa ya maadili, nilirudi nyumbani likizo moja nikiwa na maneno mengi mapya mdomoni. Nikamuuliza, "Shangazi, ulijua kwamba ulikuwa ukivunja sheria?" Alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa napita. Ukishamaliza kusoma, uniambie nilimkosea nani."

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Nimeona swali lake ni bora kuliko langu. Mimi niliuliza kuhusu sheria. Yeye aliuliza kuhusu watu. Sheria inaweza kuvunjwa bila mtu kudhurika, na mtu anaweza kudhurika bila sheria kuvunjwa. Kwa hivyo nitawapitia mmoja mmoja wale ambao huenda shangazi aliwakosea, nione ni nani mwenye dai la kweli.

Wa kwanza ni serikali. Jibu ambalo wengi wetu tuliozaliwa mpakani hulitoa haraka ni kwamba serikali haina dai lolote, kwa maana mpaka wenyewe tuliletewa. Jibu hili lina historia ya kweli nyuma yake. Kabla ya mwaka wa 1902, nchi yote kutoka upande wa Naivasha hadi kwetu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna Mteso wala Msamia aliyeulizwa. Wateso wakajikuta wako Amukura na Chakol kwa upande mmoja, na Tororo kwa upande mwingine. Wasamia nao wakagawanywa vivyo hivyo. Shangazi alipoolewa hakuhisi kwamba ameolewa ugenini: lugha ni ile ile, na matanga huhudhuriwa na watu wa pande zote mbili. Iweje basi gunia lake liwe halali katika shamba moja na haramu katika shamba la pili, ilhali mashamba yenyewe yanatenganishwa na kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka?

Niliwahi kuiamini hoja hii kabisa. Siku hizi siiamini yote, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba karibu mipaka yote ya Afrika ilichorwa hivyo, na viongozi wetu wenyewe, walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964 chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Hawakufanya hivyo kwa kuipenda. Waliogopa kwamba anayeanza kuifuta atamwaga damu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alitumia historia hii hii ya mwaka wa 1902 kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Hoja ya ukweli kuhusu mpaka ikawa tishio la vita. Mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi pale pale Busia, na mpaka ukafungwa. Anayesema mpaka ni uongo mtupu anapaswa kusema pia angeweka nini mahali pake.

Sababu ya pili inauma zaidi, kwa kuwa inaingia jikoni mwetu. Faida ya shangazi ilitoka wapi? Ilitoka katika tofauti ya bei. Mahindi ya Tororo yalikuwa na bei ya chini, na ya Busia ya Kenya bei ya juu, kwa kuwa kuna nchi mbili, sarafu mbili na sera mbili za kilimo. Kama mpaka usingekuwepo, tofauti hiyo ingepungua mno, na faida ingepungua nayo. Sisi watu wa mpakani tunaulaani mpaka kwa mdomo na kula kwa mkono kile unachotupa. Hata neno "boda boda", ambalo sasa husikika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine. Mpaka ulitupa kazi, ukatupa na neno la kuiitia kazi hiyo. Siwezi kusema kwamba mpaka haunihusu, ilhali ndio ulionisomesha.

Kwa hivyo serikali ina dai fulani. Je, ni kubwa kiasi gani? Katika maandishi ya Plato, Sokrate anakataa kutoroka gerezani kwa sababu, asema, sheria za Athens ndizo zilizomlea na kumsomesha, na kuzivunja ni kama kumpiga mzazi. Nimeifikiria sana hoja hiyo, nikaona kwangu inageuka juu chini. Aliyenilea mimi ni mvunja sheria. Lakini haki inanilazimu niongeze kwamba walimu walionifundisha walilipwa mshahara kutokana na kodi, na barabara iliyomfikisha shangazi sokoni ilijengwa kwa kodi. Kama kila mtu angepita alikopita yeye, karo ingelipwa katika shule isiyo na mwalimu. Hilo ni deni halisi, japo ni dogo likigawanywa kwa watu wengi.

Wa pili ambaye huenda alikosewa ni mfanyabiashara mwenzake. Hapa sizungumzi kwa nadharia. Karibu na kwetu palikuwa na mama mmoja aliyeuza nafaka dukani. Yeye alipitisha mzigo wake langoni, akalipa wakala, akalipa vibali, akangoja. Gunia lake lilipofika dukani, gharama hizo zote zilikuwa zimekwisha kuingia katika bei. Gunia la shangazi lilifika usiku bila gharama hizo, na wateja wa mtaani hawakuhitaji hesabu ndefu kujua wanunue wapi. Mwanawe yule mama alikuwa jirani yangu wa dawati. Tulipokuwa kidato cha tatu aliacha shule kwa kukosa karo. Sina ushahidi kwamba karo yangu ndiyo iliyokula yake. Duka lile lilikuwa na matatizo mengine pia. Lakini tangu nianze kuandika insha hii nimeshindwa kusema kwamba hizo ni habari mbili zisizohusiana. Mama yule aliendelea kumsalimia shangazi kila asubuhi, na shangazi akaitikia. Sijui walikuwa wakisalimiana nini.

Wa tatu ni mlaji. Huyu ndiye anayesahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiye mwenye dai zito kuliko wote. Mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huzalisha sumu ya aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Nisisitize kwamba yale yalikuwa mahindi yaliyokuzwa humu humu Kenya. Hayakuvushwa mpaka wowote. Uchafu wa chakula hauna uraia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mahindi yanayopita gizani hayapimwi na yeyote. Nilipomweleza shangazi hivyo, alijibu kwamba hata sisi tulikula mahindi yale yale. Ni kweli, tulikula. Lakini sisi tulijua tulichokuwa tukila na tulikotoka nacho. Aliyenunua kilo mbili sokoni hakupewa nafasi hiyo ya kujua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti ambayo sheria yenyewe haiioni vizuri. Kupita njia ya panya ili kukwepa karani ni jambo moja. Kupita njia ya panya ili kumficha jirani jambo linalomhusu ni jambo la pili. La kwanza linaweza kusameheka. La pili ni kosa hata kama hakuna sheria inayolikataza.

Ni haki sasa niligeuze swali la shangazi. Je, yeye alikosewa na nani?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, baada ya ile jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka wa 1977. Umoja wa forodha ukaanza mwaka wa 2005, na soko la pamoja tarehe 1 Julai 2010. Chini ya taratibu hizo, mazao yaliyokuzwa ndani ya nchi wanachama hayatozwi ushuru wa forodha yanapovuka kutoka nchi moja hadi nyingine. Aidha, upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mtu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa pale pale mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila kulazimika kuajiri wakala wa forodha. Gunia la shangazi halikukaribia dola 2,000 hata siku moja.

Msomaji azingatie maana yake. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile, ushuru wa forodha ambao shangazi alidhani anaukwepa usiku, haukuwepo. Alihatarisha maisha yake gizani, akawapa kitu kidogo vijana waliojifanya walinzi wa vijia, akavumilia maneno ambayo mwanamke husemeshwa mahali pasipo na taa, yote kwa kukimbia ushuru uliokuwa umekwisha kufutwa. Vibali vya afya ya mimea na vya ubora vilibaki, na foleni ilibaki, hayo nayajua. Lakini jambo kuu, kwamba ana haki ya kupita mchana na mzigo wake, hakuna aliyemwambia. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia kuhusu cheti hicho. Akaniambia kwamba mara moja tu alijaribu kupita langoni, na mtu aliyemkuta hapo alimtajia malipo ambayo hakuyaelewa wala hakupewa risiti yake. Hakurudi tena.

Huyo aliyejua haki ya mwenzake akaigeuza biashara yake, na wale waliotia saini Arusha kisha wasihakikishe kwamba habari imefika kwa mwenye baiskeli, ndio waliomkosea. Haki ambayo mwenyewe haijui ni kama ghala lililojaa ambalo ufunguo wake umetiwa mfukoni na mtu mwingine.

Kuna watu wa Busia wanaonisaidia kulifikiria jambo hili zaidi. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu wamejipatia riziki pale mpakani kwa kuvusha bidhaa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu. Maafisa wa forodha walizoea kuwaachilia wapite bila kuwatoza. Ukitazama haraka utasema hiyo ni huruma, na huruma ni jambo jema. Mimi pia nasema ni jambo jema kuliko ukatili. Lakini huruma ya afisa ina kasoro mbili. Inaweza kuondolewa asubuhi yoyote kwa amri mpya au kwa afisa mpya, na aliyezoea kuitegemea akabaki hana la kushika. Tena, matajiri huinusa haraka. Mwenye shehena kubwa huigawa vipande vipande na kumpa mwenye baiskeli aipitishe kwa ujira mdogo, kisha huikusanya ng'ambo. Huruma iliyokusudiwa kwa mnyonge ikawa daraja la mwenye nguvu. Ndiyo maana siamini kwamba suluhisho la shangazi ni maafisa kufumba macho. Anayefumbiwa macho leo hajapewa haki yoyote, ameazimwa tu.

Mwezi wa Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Malaba nako, lango la kuingilia wilaya ya Tororo, kuna kituo cha namna hiyo. Nimeona malori yakipita haraka kuliko zamani. Hilo ni maendeleo, na silidharau. Lakini jengo lililopangwa kwa kuliwazia lori halimwoni kwa urahisi mtu wa gunia moja. Mnamo Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mipaka ilifungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa malori ya mizigo. Sababu za kiafya zilieleweka. Hata hivyo, ilidhihirika siku hizo kwamba katika hesabu ya serikali zote mbili, shehena kubwa ni uchumi, na mwanamke mwenye beseni ni msongamano. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, kisha baada ya siku chache ikaiondoa marufuku na kuweka masharti ya usajili na vyeti vya kupimwa. Wakubwa walitafuta vyeti. Wadogo walirudi kwenye vijia, na mahindi ambayo serikali iliogopa yakapita pasipo kupimwa kabisa. Kama lengo lilikuwa kumlinda mlaji, basi kufunga lango bila kumsaidia mdogo kupima mahindi yake ni kumlinda mlaji kwa jicho moja.

Nini basi kifanyike, na ni wajibu wa nani? Jibu langu ni kwamba wajibu una pande mbili, kama mpaka wenyewe, na kila upande ukingoja mwenzake aanze, hatutafika.

Serikali zina wajibu wa kuifanya njia iliyonyooka iwe fupi kuliko njia ya panya. Namaanisha jambo la kawaida kabisa: malipo yaandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kijopadhola, kipimo cha unyevu na cha sumu kiwekwe mahali ambapo mwenye gunia moja anaweza kukifikia bila kwenda mji mkuu, na anayetoza bila risiti aadhibiwe mbele ya wale aliowatoza. Njia ndefu ya haki ni mwaliko wa kuvunja sheria, na aliyetoa mwaliko hawezi kumlaumu mgeni peke yake.

Sisi watu wa mpakani nasi tuna wajibu ambao hauwezi kungoja serikali. Historia yetu inaonyesha kwamba tunaujua. Mapema mwaka wa 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba, na wengi wakahifadhiwa kambini Mulanda, wilayani Tororo. Miaka ya Amin ilikuwa zamu ya Waganda kukimbilia Kenya. Watu wasioambiana ukweli kuhusu mahindi waliaminiana maisha yao. Hicho ndicho kinachonipa tumaini. Ujirani wetu umezoea kazi ngumu, haujafundishwa tu kazi ya kila siku.

Kazi hiyo ya kila siku nimeiona ikianza. Wanawake wafanyabiashara wa pande zote mbili wamekuwa wakijiunga katika vyama. Shangazi alijiunga na kikundi kimoja kidogo baada ya ule ukaidi wake wa kawaida. Hukusanya mahindi pamoja, huyaanika pamoja kwenye turubai badala ya udongo mtupu, na mmoja wao aliyesoma hujaza fomu za cheti kwa niaba ya wote. Wakipita langoni wako kumi, yule wa kutaja malipo yasiyo na risiti hupata haya. Faida kwa kila gunia imepungua, alisema, lakini analala usiku. Katika kikundi hicho yupo pia yule mama wa duka la nafaka. Nilipouliza ni nani aliyemwalika, shangazi alijifanya hakusikia.

Nimemaliza kusoma kiasi, na ahadi ni deni. Shangazi, hili ndilo jibu langu. Serikali ulikuwa na deni nayo, lakini nayo ilikuwa na deni kwako, na sidhani salio ni kubwa. Jirani mwenye duka ulimkosea, na kwa kuwa nilikula sehemu ya faida ile, nimemkosea nami. Mlaji usiyemjua ulimhatarisha bila kukusudia. Na wewe ulikosewa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukuonyesha lango.

Nilimsomea maneno haya likizo iliyopita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mayai bado huyapitisha kwenye kijia, kwa sababu foleni ya langoni huyavunja. Akaniuliza hayo nayo nitayaandikaje.